Usugu wa bakteria dhidi ya dawa: Mafunzo kutoka Kasese na Bwera

Mwaka 2009, bakteria wengi wa homa ya matumbo waliochunguzwa kutoka wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, walikuwa bado wanauawa na dawa za kawaida. Ni asilimia 5 tu kati yao walioonekana kuwa sugu kwa dawa nyingi. Miaka miwili baadaye hali ilikuwa imegeuka. Kati ya sampuli 18 za bakteria hao zilizopimwa mwishoni mwa mwaka 2011 kutoka Kasese na wilaya jirani ya Bundibugyo, 15 zilikuwa sugu kwa dawa nyingi, sawa na asilimia 83.

Sampuli 18 ni chache, na wanasayansi huonya dhidi ya kujenga hoja kubwa juu ya idadi ndogo. Hata hivyo, tofauti kati ya asilimia 5 na 83 haiwezi kupuuzwa. Ugonjwa ulikuwa uleule, vijiji vilikuwa vilevile na mito ilikuwa ileile, lakini dawa iliyomponya mgonjwa wa kwanza haikuwa tena na uhakika wa kumponya yule aliyemfuata.

Makala haya yanaeleza jeni za usugu ni nini, zinavyohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, kwa nini hospitali ni mahali zinapostawi, na mambo gani yanaweza kufanywa na serikali, wahudumu wa afya na familia zinazouguza.

Mlipuko uliotoboa matumbo

Homa ya matumbo, ambayo wengi huiita taifodi, husababishwa na bakteria aitwaye Salmonella Typhi. Huingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Asipouawa mapema, bakteria huyo hujificha katika kuta za utumbo mwembamba na kuzitia vidonda. Kwa baadhi ya wagonjwa, mara nyingi katika wiki ya tatu ya ugonjwa, kidonda hutoboa utumbo na uchafu wake humwagika tumboni. Hapo mgonjwa asipopasuliwa haraka, hufa.

Kati ya mwishoni mwa Desemba 2007 na mwishoni mwa Julai 2009, wachunguzi walihesabu wilayani Kasese watu 577 walioshukiwa kuugua homa ya matumbo. Kati yao, 249 walitoboka utumbo na 47 walifariki dunia. Mlipuko haukuishia hapo. Kuanzia Agosti 2009 hadi Desemba 2011, watu wengine 709 waliorodheshwa wilayani humo, na mnamo mwaka 2011 ugonjwa ukaenea hadi Bundibugyo, ambako waliorodheshwa watu 333.

Kwa kawaida, wagonjwa wapatao wanne tu kati ya kila 100 wa homa ya matumbo katika nchi zinazoendelea hutoboka utumbo. Idadi kubwa ya waliotoboka Kasese inaashiria jambo moja: vitabu vya hospitali viliwanasa hasa wale waliofika wakiwa mahututi. Nyuma ya kila mmoja wao huenda kulikuwa na wengi waliougua nyumbani, wakanunua vidonge dukani, au wakadhani ni malaria.

Katika mlipuko wa kwanza, kulikuwa na habari moja njema. Bakteria wote waliopimwa walikuwa bado wanauawa na siprofloksasini, dawa ambayo madaktari waliikimbilia baada ya dawa za zamani kuanza kushindwa. Swali lililobaki ni hili: uwezo huo wa siprofloksasini ungedumu kwa muda gani?

Jeni ya usugu ni nini?

Jeni ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila kiumbe hai, yanayoeleza jinsi ya kutengeneza sehemu zake na kuziendesha. Bakteria, ingawa ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, ana maelfu ya jeni. Jeni ya usugu ni agizo linalomwezesha bakteria kuishi palipo na dawa ambayo ingepaswa kumuua.

Wengi hudhani kwamba dawa ndiyo inayotengeneza usugu, au kwamba ni mwili wa mgonjwa unaoizoea dawa. Yote mawili si sahihi. Mwili wa binadamu hauzoei antibiotiki. Anayekuwa sugu ni bakteria. Na jeni za usugu ni za kale kuliko dawa zenyewe. Mwaka 2011, wanasayansi walitangaza kwamba wamezikuta katika udongo ulioganda kwa miaka 30,000 kaskazini mwa Kanada, zama ambazo hapakuwa na hospitali wala duka la dawa popote duniani. Bakteria na kuvu wa udongoni wamekuwa wakipigana kwa sumu tangu enzi na enzi, na kila sumu ina kinga yake. Antibiotiki nyingi tunazotumia zilitokana na sumu hizo.

Kazi ya dawa, basi, ni kuchagua. Mgonjwa anapomeza antibiotiki, bakteria dhaifu hufa. Kama miongoni mwao yumo mmoja mwenye jeni ya usugu, huyo hubaki peke yake, akiwa na nafasi na chakula tele, na katika mazingira mazuri bakteria wengi wanaweza kugawanyika kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Kwa muda mfupi, kizazi kizima kinakuwa cha wale wenye usugu. Kadiri antibiotiki inavyotumika bila sababu, kwa mfano kwa mafua yanayosababishwa na virusi, ndivyo uchaguzi huo unavyofanyika mara nyingi zaidi bila mgonjwa kupata faida yoyote.

Onyo la jambo hili lilitolewa mapema. Mwaka 1940, Edward Abraham na Ernst Chain wa Chuo Kikuu cha Oxford walieleza juu ya kimeng'enya cha bakteria kinachoharibu penisilini, kabla dawa hiyo haijaanza kutumika kwa wagonjwa wengi. Mwaka 1945, Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel kwamba mtu anayejitibu kwa kiwango kidogo cha dawa anaweza kuwafundisha bakteria kuishinda.

Mbinu nne za kujikinga

Jeni za usugu ni nyingi, lakini kazi zake zinaweza kupangwa katika mafungu manne.

Kwanza, kuiharibu dawa. Baadhi ya jeni huagiza vimeng'enya vinavyoikata dawa kabla haijafanya kazi. Jeni ya CTX-M-15, iliyoenea sana katika hospitali za Afrika Mashariki, huharibu dawa za jamii ya sefalosporini, ikiwemo seftriaksoni, sindano inayotegemewa katika wodi nyingi. Jeni kama NDM-1, VIM, IMP, KPC na OXA-48 huharibu hata karbapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba kwa ajili ya wagonjwa walio taabani.

Pili, kubadilisha mahali dawa inapolenga. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi, akipata jeni iitwayo mecA hubadilisha sehemu ya ukuta wake ambayo dawa za jamii ya penisilini hushambulia. Dawa hufika, lakini haina pa kushika.

Tatu, kuisukuma dawa nje. Bakteria wengine wana pampu ndogo kwenye utando wao, nazo huitoa dawa kila inapoingia, kama mtu anayekumba maji ndani ya mtumbwi unaovuja.

Nne, kufunga milango. Bakteria hupunguza au kubadilisha matundu ambayo dawa hupitia, hivyo dawa ikabaki nje.

Bakteria mmoja anaweza kutumia mbinu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo madaktari husema kwamba ni sugu kwa dawa nyingi. Kwa homa ya matumbo, neno hilo lina maana maalumu: bakteria hauawi na ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin.

Jeni zinavyohama

Kama jeni za usugu zingerithiwa tu kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, tatizo lingeenda polepole. Kinacholiharakisha ni kwamba bakteria huazimana jeni, hata wakiwa wa jamii tofauti. Jirani akimwazima mwenzake jembe, yeye hubaki mikono mitupu hadi lirudishwe. Bakteria hafanyi hivyo. Hutoa nakala, na jeni yake akabaki nayo.

Chombo kikuu cha kubeba nakala hizo ni plazmidi, kipande kidogo cha jeni chenye umbo la duara kinachoelea ndani ya bakteria, nje ya jeni zake kuu. Bakteria wawili wakigusana, mmoja anaweza kumpa mwenzake plazmidi nzima. Na kwa kuwa plazmidi moja inaweza kubeba jeni kadhaa za usugu, bakteria aliyekuwa anauawa na kila dawa asubuhi anaweza kuwa sugu kwa dawa tatu au nne ifikapo jioni.

Watafiti wa Japani ndio walioufichua ukweli huu. Katika miaka ya 1950, walikuta bakteria wa kuhara damu waliokuwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja, na mwaka 1959 wakaonyesha kwamba usugu huo uliweza kupitishwa kati ya bakteria wa kuhara damu na Escherichia coli, bakteria wa kawaida anayeishi tumboni mwa kila mmoja wetu.

Bakteria wa homa ya matumbo wamefuata njia hiyohiyo. Ukoo wao mmoja, ambao wanasayansi wameupa jina la H58, ulianzia Asia Kusini na kuenea hadi Afrika Mashariki, na watafiti wa Kenya walithibitisha mwaka 2010 kwamba ndio uliotawala miongoni mwa bakteria sugu nchini mwao. Wengi wa ukoo huo hubeba plazmidi yenye jeni zinazoshinda dawa zote tatu za zamani.

Mfano wa kutisha zaidi ulitokea mkoani Sindh, nchini Pakistan, kuanzia Novemba 2016. Huko Salmonella Typhi wa ukoo wa H58 alipata plazmidi nyingine yenye jeni ya CTX-M-15 pamoja na jeni ya kuikinga dhidi ya siprofloksasini. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba plazmidi hiyo ilifanana mno na zile zinazopatikana kwa Escherichia coli. Kwa maneno mengine, bakteria wa maradhi aliazima silaha kutoka kwa bakteria wa kawaida wa tumboni. Wagonjwa wakabaki na azithromaisini kama kidonge pekee cha kutegemewa, na karbapenemu kama sindano ya mwisho.

Ndiyo maana wanasayansi hawaridhiki kuwachunguza wagonjwa wa homa ya matumbo peke yao. Hutaka pia kujua bakteria wa kawaida wa matumbo ya watu wana jeni gani, kwa kuwa hao ndio ghala ambalo wengine huenda kuazima.

Ghala la Kasese

Uchunguzi wa aina hiyo ulifanyika Kasese, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Watafiti walichukua sampuli za kinyesi kutoka kwa watu 300 wa jamii za wafugaji wanaoishi ndani na kandokando ya eneo la hifadhi ya Queen Elizabeth, waliofika katika vituo vya afya wakiwa na homa au kuhara bila ya kuwa na malaria. Sampuli zilipelekwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kuoteshwa na kupimwa.

Bakteria 181 wa Escherichia coli na 23 wa Klebsiella pneumoniae walipatikana. Miongoni mwa Escherichia coli, asilimia 74 walikuwa sugu kwa kotrimoksazoli na asilimia 67 kwa ampisilini. Na siprofloksasini, ile dawa iliyokuwa tumaini katika mlipuko wa kwanza wa homa ya matumbo, ilishindwa na karibu thuluthi moja yao.

Takwimu hizi hazimaanishi kwamba homa ya matumbo ya Kasese sasa haitibiki kwa siprofloksasini. Zinahusu bakteria wengine. Lakini zinaonyesha kilichomo ghalani. Tena watu hao hawakuwa wagonjwa waliolazwa kwa miezi. Walikuwa wafugaji waliofika kituoni na kurudi nyumbani. Usugu ulikuwa umekwishatoka hospitalini na kuingia vijijini, au huenda ulisafiri kinyume chake.

Sababu za hali hiyo ni nyingi, na si zote ni za uzembe. Kotrimoksazoli hutolewa kila siku kama kinga kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na imeokoa maisha ya wengi; hakuna anayepaswa kuiacha bila kushauriana na mhudumu wake. Wafugaji nao hutumia dawa za jamii ya tetrasaikilini kuwatibu ng'ombe na mbuzi, mara nyingine bila daktari wa mifugo kuwapo, na maziwa yakanywewa kabla dawa haijaisha mwilini mwa mnyama. Na ingawa kisheria antibiotiki hutakiwa kutolewa kwa cheti cha mtaalamu, katika miji midogo na magulioni ni rahisi kununua vidonge viwili au vitatu kulingana na fedha iliyo mfukoni.

Kwa nini hospitali?

Ikiwa jeni hizi ziko kila mahali, kwa nini hospitali hutajwa zaidi? Jibu ni kwamba hospitali hukusanya mambo matatu mahali pamoja: watu wenye miili dhaifu, antibiotiki nyingi, na njia nyingi za bakteria kupita kutoka mtu hadi mtu.

Tumfikirie mgonjwa aliyetoboka utumbo. Amefika hospitalini, amepasuliwa, na uhai wake umeokolewa na mikono ya daktari. Sasa analala wodini akiwa na mshono tumboni, mpira wa mkojo, na sindano ya maji kwenye mshipa. Kila kimoja ni mlango. Mwili wake umejaa antibiotiki zilizoua bakteria wake wa kawaida na kuacha nafasi wazi. Bakteria sugu akifika kwa njia ya mkono wa mhudumu, beseni, shuka au kitanda ambacho hakikusafishwa vizuri, hukuta nyumba tupu. Mgonjwa aliyenusurika homa ya matumbo anaweza kufa kwa kidonda kilichooza.

Bakteria wanaoogopwa zaidi wodini ni wachache na wanajulikana: Klebsiella pneumoniae, Escherichia coli, Acinetobacter baumannii, Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus. Acinetobacter anaweza kuishi kwa muda mrefu juu ya vitu vikavu. Pseudomonas hupenda unyevunyevu wa sinki na mabomba. Klebsiella huwashambulia sana watoto wachanga. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa upya mwaka 2024, bakteria wa jamii ya Klebsiella na Acinetobacter walio sugu kwa karbapenemu wamewekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi.

Hospitali kubwa za Afrika Mashariki zimekwishawaona. Katika Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Mulago mjini Kampala, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulipima bakteria 196 na kukuta jeni za kuharibu karbapenemu katika asilimia 28.6 yao, VIM na OXA-48 zikiwa ndizo zilizoenea zaidi. Mwaka uliotangulia, watafiti wa Mwanza, Tanzania, walikuwa wametangaza kwamba jeni za aina hiyo zilipatikana katika takriban thuluthi moja ya bakteria sugu waliowachunguza. Na jeni ya NDM-1, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi, ilithibitishwa kuwapo Nairobi mwaka 2011, katika bakteria waliokusanywa tangu mwaka 2007.

Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba katika hospitali nyingi za mikoani dawa za karbapenemu zilikuwa adimu au ghali mno wakati wa tafiti hizo. Usugu umefika kabla ya dawa yenyewe kumfikia mgonjwa wa kijijini.

Bwera: Hospitali ya mpakani

Hospitali ya serikali ya Bwera iko kilomita chache kutoka mpaka wa Mpondwe, unaotenganisha Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku za gulio, maelfu ya watu huvuka kwenda na kurudi. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni ndugu wa lugha na damu; wengi wana mashamba, wakwe na wateja pande zote mbili, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha na wafanyabiashara wengine. Ni jambo la kawaida mgonjwa kutoka Kasindi kutafuta tiba upande wa Uganda, kama ilivyo kawaida mtu wa Bwera kununua dawa upande wa Kongo.

Bakteria hawana uraia. Hata hivyo, itakuwa kosa kuwalaumu wavukaji mpaka. Jeni za usugu zimefika Kampala, Nairobi na Stockholm kwa ndege, na mlipuko wa homa ya matumbo uliotoka Kasese kwenda Bundibugyo haukuvuka mpaka wowote wa kimataifa. Kinachofanya mpaka uwe muhimu ni kwamba mgonjwa anaweza kutibiwa mahali pawili na kumbukumbu zake zisifuatane naye. Daktari wa pili hajui dawa gani imekwishatumika ikashindwa.

Bwera inajua vizuri zaidi ya hospitali nyingi maana ya kuzuia maambukizi. Juni 2019, ilipotangazwa kwamba Ebola imeingia Uganda kutoka Kongo, mgonjwa wa kwanza alitibiwa katika kituo maalumu cha Bwera. Sampuli ilipelekwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi mjini Entebbe na jibu likapatikana haraka. Watu walitengwa, maji na sabuni vikawekwa milangoni, na ugonjwa haukupata nafasi ya kuenea wilayani.

Ebola ni virusi, na antibiotiki haziiponyi. Lakini mambo yaliyoizuia ndiyo yaleyale yanayozuia bakteria sugu: mikono safi, kumtenga anayeambukiza, kusafisha vifaa, na maabara inayojibu kwa wakati. Tofauti ni kwamba Ebola huja kwa kishindo na dunia nzima husikia. Usugu huja kimyakimya, na cheti cha kifo huandikwa tu kwamba mgonjwa alifariki kwa maambukizi baada ya upasuaji.

Bila maabara, daktari hubahatisha

Njia ya uhakika ya kujua kama bakteria ni sugu ni kuchukua damu, mkojo, usaha au kinyesi, kuotesha bakteria waliomo, kisha kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Kazi hiyo huchukua siku mbili au zaidi, na huhitaji umeme usiokatika, vifaa, kemikali na mtaalamu aliyefunzwa. Kutambua jeni yenyewe huhitaji mashine za hali ya juu zaidi, ambazo kwa kawaida hupatikana katika maabara za vyuo vikuu na za kitaifa.

Pasipo huduma hiyo, daktari hutibu kwa kukisia. Kwa homa ya matumbo, wengi hutegemea kipimo cha Widal, ambacho hakiangalii bakteria bali alama za kinga katika damu. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au anayeugua maradhi mengine, anaweza kuonekana na taifodi kwa kipimo hicho wakati hana. Matokeo yake ni antibiotiki kwa mtu asiyezihitaji, na bakteria wa tumboni mwake wakachaguliwa bure.

Uganda tayari ina utaratibu wa kusafirisha sampuli kwa pikipiki kutoka vituo vya vijijini hadi maabara kubwa, uliojengwa hasa kwa ajili ya vipimo vya virusi vya UKIMWI. Barabara hiyohiyo inaweza kubeba sampuli za damu kwa ajili ya kuotesha bakteria, mradi zifike kabla hazijaharibika na majibu yarudi kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani au kuzikwa.

Kinachoweza kufanywa

Duniani kote, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilibeba mzigo mzito kuliko maeneo mengine. Septemba 2024, viongozi waliokutana katika Umoja wa Mataifa waliahidi kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Uganda ilikuwa imezindua mpango wake wa kitaifa mwaka 2018, unaozihusisha sekta za afya, mifugo na mazingira.

Kwa Kasese, hatua ya kwanza si dawa mpya bali ni maji. Wachunguzi wa mlipuko wa homa ya matumbo walihitimisha kwamba miundombinu ya maji safi na chanjo ndiyo yangezuia milipuko ya muda mrefu. Wilaya hii ina mito mingi inayoshuka kutoka milima ya Rwenzori, lakini mto unaopita katika vijiji vingi hubeba uchafu wa vijiji vingi. Mafuriko huongeza hatari. Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika na kuikumba Hospitali ya Kilembe, wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Kila choo kinachosombwa na maji hupeleka bakteria, pamoja na jeni zao, kwa walio chini.

Chanjo ni hatua ya pili. Chanjo mpya ya homa ya matumbo, inayofaa hata kwa watoto wadogo, ilijaribiwa nchini Malawi na kuzuia takriban asilimia 80 ya ugonjwa. Pakistan iliiingiza katika ratiba yake ya kitaifa mwaka 2019, kwa sababu ya mlipuko wa Sindh. Mtoto asiyeugua hahitaji antibiotiki, na bakteria asiyekutana na dawa hachaguliwi.

Hatua ya tatu ni matumizi ya busara. WHO imezigawa antibiotiki katika makundi matatu tangu mwaka 2017: za kuanzia, za kutumiwa kwa tahadhari, na za akiba. Hospitali inayofuata mgawanyo huo haianzi na seftriaksoni kwa kila homa.

Wajibu wa mgonjwa na jamaa zake

Katika hospitali za Uganda, mgonjwa huuguzwa na ndugu zake. Wao ndio wanaomwogesha, kumlisha, kufua nguo zake na kulala sakafuni kando ya kitanda. Kwa hiyo mikono yao ni sehemu ya wodi, kama ilivyo ya muuguzi.

Anayemuuguza mgonjwa anashauriwa kunawa kwa sabuni kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, na baada ya kumwaga kinyesi au mkojo. Kutoshika mshono wala mpira wa mkojo bila kuelekezwa. Kutokalia vitanda vya wagonjwa wengine. Na kutopika mahali pamoja na panapofuliwa nguo chafu.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza maswali, na kuuliza si kumvunjia heshima daktari au muuguzi. Je, ugonjwa wangu unasababishwa na bakteria? Je, naweza kupimwa kabla ya kuanza dawa? Dawa hii nitaitumia kwa siku ngapi? Nifanye nini nisipopata nafuu baada ya siku tatu? Na aliyewahi kutibiwa kwingine, hata ng'ambo ya mpaka, aende na paketi za dawa alizotumia ili mhudumu aone.

Dawa zilizobaki nyumbani zisigawiwe jirani. Dozi ya mtu mzima isikatwe nusu kwa ajili ya mtoto. Na anayepewa jibu kwamba hahitaji antibiotiki asihisi amenyimwa tiba, kwani mara nyingi ushauri huo ndio tiba yenyewe.

Mwaka 2009 bakteria wa Kasese walikuwa bado wanauawa na dawa za bei nafuu, na mwaka 2011 wengi hawakuuawa tena. Muda ulikuwa mfupi, na hakuna aliyeona mabadiliko yakitokea hadi sampuli zilipofika maabara. Kwa hiyo hospitali zinazopima mara kwa mara, kama Bwera ilivyopata jibu la Ebola kwa haraka mwaka 2019, ndizo zitakazojua mapema ni dawa ipi bado inafanya kazi, na kumpa mgonjwa dawa hiyo angali na nafasi ya kupona.